Mwamuzi Akikosea kwa Faida Yetu

Kila mtu aliyepita karibu na kiwanja cha mpira amekwisha kuyasikia malalamiko juu ya mwamuzi. Amenunuliwa, ni kipofu, ana ndugu yake katika timu ile nyingine, ameogopa makelele. Maneno hayo ni ya zamani, nasi hatutayarudia hapa, kwani mtu aliyeonewa hulia, na kilio chake hakina siri kubwa. Jambo lingine ndilo linalotuvuta leo: maneno ya watu ambao mwamuzi amewapa kitu kisicho chao. Ushindi wameupata. Moyoni wanajua ya kuwa goli halikuwa halali. Basi siku ya pili yake wanakaa mbele ya nyumba, au penye kituo cha basi, au mezani na chupa zao, wakitafuta maneno ya kulifunika goli lile.

Maneno hayo yastahili kusikilizwa kwa uangalifu, kama vile tunavyosoma kitabu kabla ya kukitolea hukumu. Katika mji wowote wenye timu mbili kubwa, vijana wanajifunza kubishana kwanza kiwanjani, kabla ya kufika barazani kwa wazee au mahakamani. Namna wanavyozoea kuutetea uongo mdogo wa Jumapili itaonekana pia watakapokuwa watu wazima wenye kuamua mambo ya shamba, ya urithi na ya kura. Kwa hiyo tusiseme ni upuzi wa mpira tu.

Tuanze na mfano unaojulikana na wengi. Tarehe 18 Novemba 2009, katika kiwanja kikubwa cha Saint-Denis karibu na Paris, Ufaransa ilicheza na Ayalandi kutafuta nafasi katika Kombe la Dunia la 2010, lile la Afrika ya Kusini. Siku nne kabla yake, kule Dublin, Wafaransa walikuwa wameshinda 1-0. Mjini Paris, Robbie Keane akalirudisha deni katika kipindi cha kwanza, nao Waayalandi wakacheza vizuri kuliko wenyeji. Ikabidi kuongeza muda. Katika dakika ya 103 mpira mrefu ukamfikia Thierry Henry karibu na mstari wa mwisho. Akauzuia kwa mkono wa kushoto, akaugusa tena kwa mkono uleule, akampa William Gallas, naye Gallas akautia langoni kwa kichwa. Mwamuzi Martin Hansson, mtu wa Sweden, hakuona. Wasaidizi wake hawakuona. Watu wote waliokuwa mbele ya televisheni waliona, tena zaidi ya mara moja, kwani picha ilirudishwa na kurudishwa.

Mchezo ulikwisha 1-1, Ufaransa ikapata nafasi yake. Henry alipoulizwa hakukana; alikubali kwamba ni mkono, ila akasema yeye siye mwamuzi. Na hapo ndipo lilipotokea jambo lisilo la kawaida: Wafaransa wengi waliona haya. Chama cha walimu wa michezo wa mashule kilisema mfano huu ni mbaya kwa watoto. Arsène Wenger, Mfaransa aliyekuwa akiifundisha Arsenal kule London, alisema Ufaransa yenyewe yafaa ijitolee kuurudia mchezo. Christine Lagarde, aliyekuwa waziri wa fedha, naye alitaka mambo yaangaliwe upya. FIFA ilikataa. Siku ileile iliyokataa, Henry akatangaza kwamba kurudia mchezo ndiyo njia ya haki. Maneno mema, lakini yalikuja wakati mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, na kumwalika mgeni nyuma ya mlango uliofungwa ni ukarimu usiogharimu chakula.

Lakini wako Wafaransa wengine, nao ndio wanaofanana na sisi. Hao walisema: mwamuzi ameamua, basi. Neno hili lina nguvu, kwa sababu sheria za mpira zinaliunga mkono. Sheria ya tano yasema kwamba maamuzi ya mwamuzi juu ya mambo yaliyotukia mchezoni, pamoja na goli kuwa goli au si goli, ni ya mwisho. Pasipo sheria hiyo hakuna mchezo ungekwisha. Watu wangekaa kiwanjani mpaka usiku wakihesabu vidole vilivyogusa mpira. Mimi naikubali sheria hiyo kabisa. Ila tazama yale ambayo washabiki wanaitaka iwafanyie. Sheria yasema uamuzi ni wa mwisho. Haisemi uamuzi ni wa kweli. Inafunga kitabu cha matokeo. Haifungi kinywa cha shahidi. Mshabiki anayesema «mwamuzi ameamua» hajibu swali aliloulizwa. Ameulizwa kama mkono uligusa mpira, naye anajibu kwamba goli limeandikwa. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na kuyachanganya ni ujanja wa wakili mdogo. Tena ni ujanja wa upande mmoja, kwani mtu huyuhuyu, mwamuzi akimnyima penalti Jumapili ijayo, hatakumbuka sheria ya tano hata kidogo.

Nao Waayalandi tusiwafanye malaika. Katika mwezi wa Februari wa mwaka uleule 2009, wakitafuta Kombe lilelile, walikuwa nyuma 1-0 nyumbani kwao Dublin mbele ya Jojia. Mwamuzi akawapa penalti ya mkono ambayo picha hazikuitetea, Keane akaifunga, kisha akafunga na la pili, wakashinda 2-1. Hakutokea waziri wa Ayalandi wa kuomba mchezo ule urudiwe. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Dublin ilikula utamu mwezi wa pili na uchungu mwezi wa kumi na moja. Baadaye, katika mwaka 2015, ikajulikana pia kwamba FIFA ilikuwa imewapa viongozi wa mpira wa Ayalandi euro milioni 5, zikiitwa mkopo wa kujengea kiwanja, ili shauri lisifike mahakamani. Kilio kile kikubwa cha haki kikapata bei. (Na Ufaransa? Ilikwenda Afrika ya Kusini, wachezaji wakagoma kufanya mazoezi, wakarudi na alama moja tu. Wengi walisema hayo ni malipo ya mkono wa Henry. Mimi siamini kwamba mpira unaweka hesabu ya namna hiyo. Timu ile ilikuwa imevunjika, ndiyo sababu.)

Sasa tupite kwenye hoja iliyo ya hila zaidi, ile ya macho. Mshabiki hasemi «ninajua si goli lakini nalichukua». Wengi wanasema: «Mimi niliona ni goli.» Na mara nyingi hawasemi uongo! Tarehe 30 Julai 1966, kule Wembley, Uingereza na Ujerumani ya Magharibi walikuwa 2-2 katika muda wa nyongeza wa fainali ya Kombe la Dunia. Dakika ya 101 Geoff Hurst akapiga mpira, ukagonga mwamba wa juu, ukaanguka chini karibu na mstari, ukarudi kiwanjani. Mwamuzi Gottfried Dienst, Mswisi, hakuwa na hakika. Akamwendea mshika bendera Tofiq Bahramov, mtu wa Azerbaijan, nchi iliyokuwa wakati ule ndani ya Umoja wa Sovieti. Bahramov akasema ni goli. Uingereza ikashinda 4-2.

Waingereza wameitetea ile 3-2 miaka karibu sitini, na utetezi wao mmoja wanipendeza kwa ustadi wake. Wanasema: Roger Hunt alikuwa amesimama karibu na mpira ulipoanguka. Hakuukimbilia ausukume ndani. Aligeuka, akainua mikono kwa furaha. Basi mshambuliaji aliye karibu vile, angaliona mpira haujapita mstari, angaliacha kuumalizia? Hoja hiyo yaonekana nzito mpaka uichunguze. Inamfanya mtu anayetamani goli kuwa shahidi wa goli. Hunt aliamini, ndiyo, lakini kuamini kwake ni dalili ya tamaa yake kama vile ni dalili ya macho yake. Kesi ya nyani hatumpelekei ngedere. Katika mwaka 1996 wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Oxford waliipima filamu ya mchezo kwa hesabu, wakakata kwamba mpira wote haukuvuka mstari. Hao nao ni watu wa chuo cha Kiingereza, na kwa hiyo neno lao lina uzito wa pekee: walishuhudia juu ya faida ya nyumba yao. Miaka ishirini baadaye, yaani 2016, televisheni moja ya Kiingereza ikatumia mashine mpya na kutangaza kwamba mpira ulivuka. Msomaji atapima mwenyewe. Wadachi hawakutumiwa salamu za pole wala za msamaha, na kule Baku kiwanja kikubwa kinaitwa kwa jina la Bahramov.

Juu ya macho haya yanayoona wanachokitaka, kuna uchunguzi mmoja wa zamani ambao kila mshabiki angepaswa kuujua. Katika mwezi wa Novemba 1951 vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza mpira wao wa Kimarekani, ule wa kubeba kwa mikono. Mchezo ulikuwa mkali: mchezaji bora wa Princeton akatoka na pua iliyovunjika, na mmoja wa Dartmouth akavunjika mguu. Wataalamu wawili, Hastorf na Cantril, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu moja, wakawaambia waandike kila kosa wanaloliona. Wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth ikifanya makosa karibu 10. Wanafunzi wa Dartmouth, kwa filamu ileile, waliona timu yao ikifanya makosa 4 na kidogo. Matokeo yalitangazwa katika mwaka 1954. Hakuna aliyelipwa aseme uongo, hakuna aliyekuwa na hofu. Walitazama kitambaa kimoja cheupe wakaona michezo miwili.

Basi mtu akiniambia «mimi niliona», namheshimu, ila namwuliza swali lingine: ulivaa rangi gani siku ile? Wala swali hilo si tusi. Hakimu mwema hamwiti ndugu wa mshtakiwa mwongo. Anaandika tu kwamba ni ndugu.

Twaja kwenye hoja inayopendwa kuliko zote, nami naiita hoja ya daftari. Nayo yasema hivi: hata sisi tulionewa mwaka fulani. Walitunyima goli kule ugenini, wakatupa kadi nyekundu ya bure, leo tumelipwa. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kila mshabiki anatembea na daftari la madeni moyoni mwake, lakini ukilifungua utakuta ukurasa mmoja tu umeandikwa, ule wa madai. Ukurasa wa madeni anayodaiwa yeye ni mweupe kama karatasi ya dukani.

Daftari hilo lina kurasa ndefu. Tarehe 27 Juni 2010, mjini Bloemfontein, Frank Lampard wa Uingereza alipiga mpira ukagonga mwamba na kuanguka ndani ya lango la Ujerumani, mbali sana nyuma ya mstari. Mwamuzi Jorge Larrionda wa Uruguay hakuona goli. Ujerumani ikashinda 4-1, na neno lililosemwa siku ile lilikuwa moja: 1966 imelipwa. Lakini alilipwa nani? Mlinda lango wa Ujerumani wa 1966, Hans Tilkowski, hakurudishiwa kombe. Manuel Neuer, aliyekuwa langoni Bloemfontein, alikuwa hajazaliwa siku ya Wembley. Alizaliwa miaka ishirini baadaye. Lampard naye pia hakuwako. Deni limelipwa na mtu asiyekopa kwa mtu asiyekopesha. Duka likiendeshwa namna hii lingefungwa kabla ya Jumamosi.

Mfano ulio karibu nasi zaidi wafaa usimuliwe polepole. Katika mwezi wa Oktoba 2010, Espérance ya Tunis ilikutana na Al Ahly ya Cairo katika nusu fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika. Ahly ilikuwa imeshinda 2-1 kwao. Tarehe 17, kule Radès, katika dakika ya kwanza tu, Michael Eneramo akautia mpira langoni kwa mkono. Mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana akakubali goli. Mchezo ukaisha 1-0, Espérance ikapita kwa sababu ya goli lake la ugenini. Wamisri wakalia. Wiki mbili baadaye, tarehe 31, Espérance ikaja Lubumbashi kucheza fainali na Mazembe, ikafungwa 5-0, na sasa Watunisia ndio waliolalamika juu ya mwamuzi. Mchezo wa pili, kule Radès, ulikwisha 1-1, na kombe likabaki Katanga.

Mshabiki wa Mazembe anayelifungua daftari hapo atapata hoja iliyopikwa tayari: hao walioingia fainali kwa mkono wana haki gani ya kulalamika? Nayo yapendeza masikioni. Lakini hoja hiyo inajikata mguu yenyewe. Kama kulikuwa na kosa la mwamuzi Lubumbashi, aliyeonewa kwa mkono wa Eneramo ni Ahly, wala si Mazembe; basi Mazembe haiwezi kudai deni la Cairo. Na kama hakukuwa na kosa, hoja ya mkono haihitajiwi, kwani magoli matano yanatosha kusema. Anayeisema hoja hiyo anaonyesha bila kujua kwamba ana shaka na magoli yale matano, ambayo mimi sina shaka nayo kubwa. Utetezi usiohitajika huharibu kesi nzuri.

Kuna na ile hoja ya «tungeshinda tu». Hapa mfano wa kawaida ni Diego Maradona, tarehe 22 Juni 1986, katika kiwanja cha Azteca mjini Mexico. Dakika ya 51 aliupiga mpira kwa ngumi juu ya kichwa cha mlinda lango Peter Shilton. Mwamuzi Ali Bennaceur wa Tunisia akamtazama mshika bendera Bogdan Dochev wa Bulgaria, bendera haikuinuka, goli likakubaliwa. Dakika nne baadaye Maradona aliuchukua mpira katika nusu yake mwenyewe, akawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine, akafunga goli ambalo wengi wanasema ni zuri kuliko yote ya Kombe la Dunia. Argentina ikashinda 2-1. Wanaompenda husema: tazama la pili, lilifuta la kwanza. Lakini hesabu ya watoto wa darasa la kwanza yakataa: ukiondoa la kwanza inabaki 1-1, kwa maana Gary Lineker alifunga la Uingereza. Tena yule aliyefungwa goli la wizi hachezi tena mchezo uleule. Akili yake imebaki kwa mwamuzi, miguu yake inakimbia na hasira. Hatujui kama goli la pili lingekuwako pasipo la kwanza. Mtu asiseme «tungeshinda tu» juu ya mchezo ambao haukuchezwa.

Washabiki wa Argentina waliongeza neno lingine, tena zito: vita ya visiwa vya Malvinas ya mwaka 1982, ambamo vijana wao walikufa mbele ya Waingereza. Maradona mwenyewe aliandika baadaye kwamba goli la mkono lilimpendeza kama kumchomolea Mwingereza mfuko. Siwezi kuwacheka watu wenye maiti za kulilia. Lakini Shilton hakuwa jemadari, na kumwekea mlinda lango deni la jeshi la majini ni kumpa mpira kazi ambayo hauwezi kuibeba. Bennaceur na Dochev walilaumiana miaka mingi. Mpira wenyewe ulibaki kwa Bennaceur, naye aliuuza katika mwaka 2022 kwa paundi milioni 2. Kosa la mwamuzi huyu limempatia fedha nyingi kuliko maamuzi yake yote yaliyokuwa ya haki.

Hoja zote hizi zinamweka mshabiki mbali na kosa: mwamuzi amekosea, mimi nilikaa tu jukwaani. Hapa nataka kumkatalia. Katika mwaka 2002 wataalamu wa Uingereza waliwaonyesha waamuzi 40 matukio ya mchezo mmoja wa Liverpool na Leicester. Wengine walitazama pamoja na makelele ya watu, wengine bila sauti. Wale waliosikia makelele waliihesabia timu ya nyumbani makosa pungufu kwa asilimia 15.5 kuliko wale waliotazama kwa kimya. Wengine walipima michezo ya Hispania, wakaona kwamba mwamuzi huongeza dakika nyingi zaidi timu ya nyumbani ikiwa nyuma kwa goli moja, na huzipunguza ikiwa mbele. Na katika mwaka 2020, viwanja vilipokuwa vitupu kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kadi za njano walizozoea kupewa wageni zilipungua. Basi ile penalti ya shaka ya dakika ya 88 haikuanguka kutoka mbinguni. Sisi tuliopiga kelele tumeitengeneza kwa koo zetu. Mshabiki anayesema «si kosa letu, ni la mwamuzi» anafanana na mtu aliyetikisa mwembe usiku, kisha asubuhi anasema embe limeanguka lenyewe.

Wala makelele hayo hayakomi daima kwenye koo. Tarehe 24 Mei 1964, mjini Lima, mwamuzi wa Uruguay alilikataa goli la Peru mbele ya Argentina. Watu wakaingia kiwanjani, polisi wakapiga gesi ya machozi, malango yalikuwa yamefungwa, na watu zaidi ya 300 wakafa. Lubumbashi nayo, katika mwezi wa Aprili 2001, ilizika watu wake baada ya gesi ya namna ileile katika mchezo wa Mazembe na Lupopo. Watu wanaozoezwa kuamini kwamba mwamuzi ni wao akiwapa, na ni mwizi akiwanyima, ni kuni zilizokauka.

Je, kuna waliorudisha? Wako, nao si wengi. Tarehe 24 Machi 1997, Robbie Fowler wa Liverpool alianguka mbele ya mlinda lango wa Arsenal, mwamuzi akapiga penalti, Fowler akamwashiria kwa mkono kwamba hakuguswa. Mwamuzi hakumsikiliza. Fowler akaipiga penalti kwa unyonge, mlinda lango akaizuia, na mwenzake Jason McAteer akaufuata mpira akafunga. Liverpool ikashinda 2-1. Watu wamesifu ukweli wake, na wamesahau kwamba goli lilibaki. Klose wa Lazio alifanya vizuri zaidi katika mwaka 2012: alifunga kwa mkono mbele ya Napoli, akamwambia mwamuzi, goli likafutwa, na Lazio ikafungwa 3-0. Arsenal ya Wenger, katika Februari 1999, iliifunga Sheffield United kwa mpira ambao kwa desturi ulipasa kurudishwa kwa wenyewe, kwa sababu walikuwa wameutoa nje ili majeruhi atibiwe. Hakuna sheria iliyovunjwa. Wenger akaomba palepale mchezo urudiwe, ukarudiwa siku kumi baadaye, Arsenal ikashinda tena 2-1. Nadhani mfano huu ndio bora kuliko mingine, kwa sababu Wenger hakusubiri kuona kama mlango utafungwa.

Mara nyingine sheria yenyewe inarudisha. Yule Lamptey wa Radès alikuwa mwamuzi tarehe 12 Novemba 2016, mjini Polokwane, Afrika ya Kusini ilipocheza na Senegal. Mpira uligonga goti la Kalidou Koulibaly, yeye akapiga penalti ya mkono. Afrika ya Kusini ikashinda 2-1. FIFA ikamfungia Lamptey maisha katika 2017, mchezo ukarudiwa mwezi wa Novemba mwaka ule, Senegal ikashinda 2-0 na kwenda Kombe la Dunia. Viongozi wa mpira wa Afrika ya Kusini walitaka kwanza kupinga amri hiyo, wakaacha. Wachezaji wao hawakuwa na hatia yoyote, na bado ilibidi warudishe. Kupokea bila hatia hakukifanyi kitu kuwa chako.

Wengine watasema siku hizi kuna mashine: kifaa cha mstari wa goli tangu Kombe la 2014, mwamuzi wa televisheni tangu lile la 2018. Mashine zimepunguza makosa, hazikupunguza mabishano. Watu waliobishana juu ya mita moja sasa wanabishana juu ya upana wa kidole cha mguu, na kwa hoja zilezile.

Turudi Katanga, kwa neno moja la mwisho. Mazembe ilianzishwa katika mwaka 1939 na mapadre Wabenedikto wa Saint-Boniface, Élisabethville ya wakati ule, wakaiita Saint-Georges. Baadaye ikawa Englebert. Kwa jina hilo ilichukua kombe lake la kwanza la Afrika, lile la 1967. Fainali zilikuwa mbili mbele ya Asante Kotoko: 1-1 Kumasi, 2-2 Kinshasa. Ilipendekezwa kupiga kura, Kotoko wakakataa. Mchezo wa tatu ukapangwa Kamerun, na Kotoko hawakutokea. Wao husema viongozi wa mpira wa Ghana hawakuwapasha habari. Kombe likapewa Englebert bila mpira kupigwa. Miaka mitatu baadaye timu hizo zilikutana tena katika fainali, 1-1 Kumasi, na Kotoko wakashinda 2-1 palepale Kinshasa.

Leo Mazembe wanahesabu makombe matano: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Wazee wengine wa Lubumbashi wakilitaja lile la kwanza huongeza mara moja, «Kotoko hawakuja». Vijana wengi hulitaja tu na kupita kwenye la pili.